Kirutubisho Umeacha, Mbona Upele Bado Unaenea?

Mtu akishagundua kwamba vidonge vya kolajeni au vya kukuza nywele ndivyo vilivyomsababishia vipele, huviacha siku hiyo hiyo akitarajia kuamka kesho ngozi ikiwa safi. Haiwi hivyo. Upele wa mzio unaoanzia kifuani au mgongoni huweza kuongezeka siku kadhaa hata baada ya kuacha, kisha ukapungua taratibu kwa wiki moja au mbili, pengine ngozi ikibambuka.

Siku hizo za kusubiri ndizo zinazotuletea kazi kwenye kliniki ya ngozi hapa Nairobi. Mgonjwa ameshapita River Road akauziwa krimu yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na ya bakteria, zote katika tyubu moja. Jirani amempa alovera. Shangazi naye amemwambia aoge maji moto yenye chumvi. Anapofika kwetu ni vigumu kujua kipi ni upele wa kirutubisho na kipi kimeletwa na alivyopaka.

Kinachohitajika kwa kawaida ni kidogo. Acha kirutubisho kabisa, usipunguze tu. Oga maji ya uvuguvugu, dodoki liweke kando, na upake mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Losheni ya kalamini hupoza. Mwasho ukikunyima usingizi, muulize mfamasia kuhusu setirizini. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 10 mara moja kwa siku, ila mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo waulize kwanza. Na usimeze tena hata kidonge kimoja ili "kuhakikisha". Upele uliochukua wiki nzima kutokea mara ya kwanza huweza kurudi ndani ya siku moja au mbili, tena kwa ukali zaidi.

Haya ya kuacha yanahusu ulivyojinunulia mwenyewe. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kliniki ya wajawazito, dawa za TB, ARV au Septrini usiviache kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia siku hiyo hiyo. Septrini yenyewe ni msababishi maarufu wa upele, na mara nyingi kirutubisho husingiziwa.

Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa ni tarehe: ulianza kumeza lini, na upele ulitokea lini. Mabaka yaliyovimba na kuwasha dakika au saa chache baada ya kumeza ni mzio wa papo hapo. Vipele vilivyotokea kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu kuanza kumeza ni mzio wa kuchelewa. Niasini, yaani vitamini B3, ikizidi huleta joto na mwasho usoni kwa muda wa saa moja hivi, na huo si mzio. Kama una mzio wa vyakula vya baharini, soma lebo pia: glukosamini nyingi (kirutubisho cha viungo) hutokana na maganda ya uduvi na kaa, kolajeni nyingine hutokana na samaki. Na msimu wa mvua tusimsahau mdudu aitwaye Nairobi fly. Ukimponda mwilini, sumu yake huacha mstari wa malengelenge yanayochoma baada ya siku moja au mbili, na hapo chupa yako ya vitamini haina kosa lolote.

Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Upele wetu huonekana wa zambarau, kahawia au mweusi zaidi. Ukipata homa, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu, malengelenge, ngozi inayouma na kuchubuka, au macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, nenda idara ya dharura papo hapo.

Upele ukiisha, mabaka meusi hubaki kwa miezi. Si ugonjwa unaoendelea. Jikinge na jua na uachane na krimu za kujichubua; zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini.

Chupa usiitupe. Njoo nayo kliniki, pamoja na vidonge vilivyobaki, kwani baadhi ya bidhaa za kupunguza mwili na za maumivu ya viungo zimewahi kukutwa na dawa zisizotajwa kwenye lebo. Mhudumu wako atajaza fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa. Asipoitaja, mwombe aijaze.