Kabla hujanunua tabo kubwa, piga hesabu ya mafuta

Wengi wanaonitafuta kuhusu gari za mwendo wananitumia picha ya tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), imeshanunuliwa tayari ndo mtu anauliza aongeze nini, na mimi namrudisha nyuma: unataka hp (nguvu za farasi) ngapi, na gari utaitumia barabarani au kwenye mashindano? Bila hayo majibu mawili siwezi kukwambia spea yoyote inafaa.

Tuseme injini ya petroli ya silinda 4 na mtu anataka hp 400. Injini ya tabo naikadiria ile paundi 0.6 za mafuta kwa kila hp kwa saa, kwa hiyo jumla ni paundi 240, gawa kwa nozeli 4 (zile zinazopuliza mafuta, moja kwa kila silinda) unapata 60. Ila nozeli haitakiwi kufunguka muda wote, mimi naishia asilimia 85, kwa hiyo 60 gawa kwa 0.85 inakuja kama 71, sawa na karibu cc 740 kwa dakika kwa kila nozeli. Gari ambayo haikutoka kiwandani na tabo, nozeli zake mara nyingi hazifiki hata nusu ya hapo! Na ukitumia E85 (mafuta yenye ethanoli mpaka asilimia 85) ongeza kama asilimia 30 juu yake.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Kwa sababu ukikanyaga mafuta mpaka mwisho injini ya tabo inataka hewa kama 11.5 mpaka 12 kwa mafuta 1, kwa uzito, wakati ukitembea taratibu ni 14.7. Mafuta yakipungua pale presha ya tabo iko juu, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kupasuka kabla hata hujasikia kitu.

Pampu nayo ina mtego wake, ile namba ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya presha fulani tu, na presha ya mafuta ikipanda kufuata ya tabo pampu inatoa pungufu. Kwa hiyo muombe muuzaji karatasi ya vipimo inayoonyesha lita kwa kila presha. Akikosa, usinunue, hata kama jina kwenye boksi ni kubwa, maana feki ni nyingi mno na boksi ndo kitu rahisi kuiga.

Mafuta yakishakaa sawa ndo tunachagua tabo, kwa kuangalia chati yake ya kompresa (mchoro unaoonyesha inapuliza hewa kiasi gani kwa presha gani). Ndogo kupita kiasi itazunguka mno na kupuliza hewa ya moto, kubwa kupita kiasi itachelewa kuamka, na kwa gari ya barabarani mimi nachagua ile inayofika lengo na kubakiza kidogo tu, kwa sababu muda mwingi injini iko kwenye mzunguko wa kati na hapo tabo kubwa haikusaidii kitu.

Breki watu wanaziacha mwisho na hilo linaniumiza sana. Pedi za mashindano kabisa usifunge kwenye gari ya kila siku, zikiwa baridi hazishiki vizuri. Mafuta ya breki DOT 4 mapya yanachemka kuanzia 230°C, ila yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinashuka mpaka 155°C, na yakichemka pedali inazama mguuni, kwa hiyo badilisha hayo hata kabla ya kufikiria diski kubwa. Rimu, angalia ofseti (inavyokaa ndani au nje) na tundu la katikati likae sawa na habu, basi.

Plagi weka za baridi zaidi kwa hatua moja, kwa NGK namba kubwa zaidi ndo ya baridi zaidi. Halafu ukishabadilisha nozeli au tabo usikanyage mafuta mpaka mwisho kabla kompyuta ya injini haijatuniwa upya (kurekebishwa vipimo vyake), na fundi anayeituni lazima awe amefunga sensa ya waidibendi (inayopima uwiano wa hewa na mafuta) kwenye egzosi, aone mchanganyiko kwa namba.