Shufaa na shufwa ni ndugu

Juzi alasiri, hapa Ngamiani, Tanga, mama mmoja wa barabara ya pili alikuja kutupa pole. Sauti ameishusha kama mtu anayeingia nyumba ya msiba. "Nimesikia wameshampeleka shufaa," akasema. "Mungu ampe wepesi." Huyo anayeombewa wepesi, mama yangu mdogo, alikuwa uani, nyuma ya ukuta, anabishana na kijana wa samaki juu ya bei ya changu. Nilimpa mgeni kiti. Ilikuwa mara ya nne mwezi huu, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Huduma shufaa, au tiba shufaa kama wengine wanavyoandika, ni matunzo ya kumpunguzia mwenye maradhi mazito maumivu na taabu zake: za mwili, za moyo, za mfukoni, za imani. Jamaa zake nao wamo. Huanza mapema, ugonjwa ukishajulikana, na huenda sambamba na upasuaji, dripu za kansa na mionzi. Shirika la Afya Duniani liliyaandika hayo waziwazi mwaka 2002. Basi.

Shida iko kwenye neno. Sisi wa pwani shufaa hatukuisikia kwanza hospitali. Tumeisikia maulidini na kwenye dua: tujaaliwe shufaa ya Mtume Siku ya Kiyama. Ni uombezi, mmoja anasimama kumsemea mwenzake mahali ambapo yule peke yake hawezi. Kwa hiyo daktari akimwambia mtu wa Tanga "mgonjwa wako ataanza shufaa," masikio yanakimbilia Kiyama moja kwa moja. Mtu wa bara anasikia jina geni la kitengo. Sisi tunasikia sanda. Yule mama simlaumu hata kidogo.

Ninaowalaumu ni kundi la pili, maana hao wamesoma. Wanasema shufaa ni shifaa iliyopotoka kinywani, na shifaa ni kupona. Wanaitolea na ushahidi: aya ya 69 ya Sura An-Nahl, kwamba ndani ya asali mna shifaa kwa watu. Aya ni ya kweli, ila neno ni jingine. Kwa herufi za Kiarabu, shifaa mzizi wake ni shini, fa na ya. Shufaa ni shini, fa na aini. Kiswahili hakina aini, kimeimeza, ndipo maneno mawili yasiyojuana yakabaki yanafanana kama mapacha. Hili si jambo dogo la kubishania barazani. Mgonjwa akiambiwa anakwenda kwenye shifaa atakaa anangoja kupona, na asipopona ataona ametapeliwa, aache na vidonge vilivyokuwa vikimpa usingizi. Na hapa hilo jina la "tiba shufaa" ndipo linaponitia wasiwasi, maana tiba nayo huvuta akili kwenye kupona. Mimi nasema huduma.

Ndugu halisi wa shufaa tunaye, na tulifundishwa naye shule ya msingi: namba shufwa. Mbili, nne, sita. Mzizi ni uleule, wenye aini. Wenye kusali usiku wanamjua vizuri, rakaa mbili za shufwa kisha moja ya witiri, yaani isiyo na mwenza, na Sura Al-Fajr katika aya ya tatu inaapa kwa vyote viwili, shufwa na witiri. Hata wanasheria wa Kiislamu wana shufaa yao: mshirika katika ardhi ana haki ya kuwa wa kwanza kulinunua fungu la mwenzake likiuzwa, aliunganishe na lake. Kote humo kuna kitu kimoja, kilichokuwa kimoja kikaongezewa cha pili. Mwombezi ni wa pili kando ya aliyesimama peke yake. Saratani ni witiri ya kweli. Hata nyumba ijae wageni, mwenye nayo analala nayo peke yake. Shufaa inakuja kumfanya wawili.

Wazungu nao walihangaika na jina. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua London nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, na nyumba ya namna hiyo ikajulikana kwa jina la hospisi. Daktari Balfour Mount wa Montreal alipotaka kuanzisha huduma kama hiyo kwao miaka ya 1970, neno hilo lilimkwamisha, kwa sababu kwa wasema Kifaransa wa pale hospisi ilikuwa nyumba ya kutupia mafukara. Akachukua neno "palliative", ambalo asili yake ni neno la Kilatini la joho, vazi la kumfunika mtu. Naye, kama sisi, alikuwa anakimbia sikio la watu wake. Wao wakachagua stara, Kiswahili kikachagua mwenza.

Nirudi uani. Mama mdogo alitolewa ziwa la kushoto pamoja na tezi za kwapani, akaenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, akarudi. Miezi ikapita, mkono ukavimba hadi bangili ya harusi ikakataa kupita. Tezi zikiondolewa, maji ya mwili hukosa njia ya kurudia. Hapo ndipo alipoandikiwa shufaa. Muuguzi anampima mkono kwa utepe uleule wa fundi cherehani, kifundo, kigasha, juu ya kiwiko, anaandika; kisha anaufunga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu. Amekatazwa kubeba ndoo kwa mkono huo, na asiuache ukwaruzwe. Nyumbani anapandisha vidole ukutani nyuma ya mlango, na kila wiki mjukuu anachora mstari kwa penseli pale vilipofika. Mstari wa juu sasa umepita kitasa.

Siku ya kwanza walimwuliza pia nani anampikia, nauli ya Dar aliitoa wapi, na amemwambia nani kuhusu ziwa. Hilo la mwisho ndilo lililomliza. Walimwonyesha na kushona ziwa la kitambaa na pamba la kutia ndani ya sidiria. La kwanza lilikuwa jepesi, kila akiinama linapanda shingoni. Fundi wa hapa mtaani akalitia konzi ya choroko, likatulia.

Kuna mahali kifo kiko karibu kweli, na shufaa inafika mpaka huko; siwezi kusema haifiki. Muheza, Hospitali Teule ina huduma hii kwa miaka mingi, na wapo waliozikwa bila kupiga kelele za maumivu kwa sababu yake. Mofini ya kunywa, ile ya unga unaochanganywa na maji, nayo imepakwa matope yaleyale: "akianza hiyo, basi." Hupewa kwa ukubwa wa maumivu, si kwa ukaribu wa kaburi. Na mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu. Waliopewa shufaa mapema waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 11.6, wenzao 8.9. Mapafu si titi, lakini wanaosema shufaa inaharakisha safari na waitazame hesabu hiyo.

Yule mama nilimwambia haya kwa kifupi, bila shini wala aini. Nikamwomba abadilishe kitenzi tu. "Shangazi, usiseme amepelekwa. Sema anahudhuria, kama anayehudhuria kliniki ya presha."

Akalijaribu mdomoni. "Anahudhuria shufaa."

"Kila Jumatano."

"Na leo?"

"Leo Jumatatu. Yuko uani, anagombea changu."

Akasimama, akajitanda kanga yake vizuri, akaenda kumsaidia kupunguza bei.