Je, wajua kwa nini barafu haiui bakteria wote?

Jua likiwa kali, kwenye mkokoteni wa juisi ya miwa utasikia mtu akisema: baridi yote hiyo, kijidudu gani kitapona? Lakini maabara zenyewe hutumia baridi kuwahifadhi bakteria. Huwachanganya na gliserini, kimiminika kizito kinachowakinga wasiharibiwe na kuganda, huwaweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na miaka baadaye huwatoa wakaendelea kuzaliana.

Maji yanapoganda, fuwele za barafu hujijenga kwanza nje ya seli ya bakteria. Chumvi hubanwa kwenye maji machache ambayo bado hayajaganda, ikazidi ukali na kuyavuta maji yaliyo ndani ya seli. Wengi hufa hapo. Waliobaki hunywea na kulala. Barafu ikishayeyuka kwenye glasi yako, wanaamka.

Hata pombe haitoshi kuwamaliza. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waligandisha maji yenye Salmonela, Shigela na E. koli, bakteria wanaoleta kuhara, kisha wakayayeyusha ndani ya soda na ndani ya pombe kali za whisky na tequila. Bado walikuta walio hai.

Peru ililipa gharama ya jambo hili mwaka 1991, kipindupindu kilipoingia nchini humo. Waliofuatilia wagonjwa katika mji wa Piura waligundua kwamba vinywaji vya barabarani vyenye barafu vilikuwa mojawapo ya njia za maambukizi.

Na maji ni nusu tu ya habari. Bonge la barafu linaweza kutoka kiwandani likiwa safi kabisa, kisha likaburutwa sakafuni, likafungwa kwenye gunia lililokwisha kubeba samaki, likavunjwa kwa nyundo na kuchotwa kwa mkono uliotoka kushika noti. Kung'aa kwake hakukuambii lolote: weupe wa barafu hutokana hasa na viputo vya hewa, na barafu angavu kama kioo inaweza kuwa na kinyesi ndani yake. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu kuhara humkausha maji haraka mno.

Nyumbani, chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo ugandishe. Ukiwa njiani na hujui barafu imetoka wapi, mwombe muuzaji chupa iliyofungwa, iliyopozwa kwa kuzungushiwa barafu. Ifute mdomo kabla ya kunywa.