Ramani ya zamani ya barabara si hati ya kiwanja

Tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe kuwa njia nane kati ya Kimara na Kibaha, kilometa 19.2, wananchi wengi wamekuwa wakituletea sisi wa ofisi ya barabara ramani za zamani. Wengine huleta picha tu kwenye simu, imekatwa pembeni, haina skeli wala mwaka. Hoja ni ileile: nyumba zetu zilitangulia, barabara ndiyo iliyotufuata, tazameni ilivyokuwa nyembamba.

Ramani hizo zina mengi ya kutuonyesha. Ukizipanga kwa miaka utaiona barabara ikikua: kwanza mstari wa vipande, njia ya kiangazi, kisha changarawe, kisha lami. Ya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, ni mfano mzuri. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita kwetu kwa malori, kwenye vumbi na matope, na madereva wakaibatiza Njia ya Jehanamu. Ramani za mwishoni mwa miaka ya 1970 zinaionyesha ikiwa lami hadi mpakani. Utaona pia kona zilizoachwa. Barabara ya zamani ilitafuta mahali mto ulipo mwembamba. Siku hizi tunanyoosha na kujenga daraja refu, kama lile jipya la Wami, zaidi ya nusu kilometa, lililoanza kupitisha magari mwaka 2022.

Lakini upana wa barabara usiutafute humo. Tumelisema hili mara nyingi. Mzee mmoja alikuja na ramani ya 1:50,000 ndani ya mfuko wa nailoni, imechakaa kwenye mikunjo, na rula ya mwanafunzi.

"Mwanangu, nyumba yangu hii hapa, na barabara ile kule. Milimita moja na nusu nzima."

"Shikamoo mzee. Milimita moja hapo ni mita 50 ardhini. Huo mstari mwekundu wenyewe, ukiupima, utasema barabara ya mwaka ule ilikuwa na mita 40."

Akacheka. Mstari hunenepeshwa ili uonekane. Na nyumba zikisongamana na barabara, mchoraji huzisogeza pembeni kidogo ili alama zisipandane. Hakudanganya; ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kile kidoti unachokiita nyumba yako huenda hakijawahi kukaa pale.

Upana uko kwenye sheria. Chini ya sheria ya zamani ya barabara kuu, Sura ya 167 ya mwaka 1932, hifadhi, yaani eneo la barabara lisilojengwa nyumba, ilihesabiwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ikaifikisha mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mikoa. Zipo sehemu, hasa za Barabara ya Morogoro, zilizotengewa eneo pana zaidi kwa matangazo ya Serikali, hivyo usichukue 30 ukaenda kujenga. Kipimo huanzia katikati ya barabara. Si pembeni mwa lami. Si kwenye mtaro. Si kwenye nguzo ya umeme.

Aliyejenga ndani ya 22.5 huwekewa ukutani X nyekundu, alama ya kubomoa, hana fidia. Aliyekuwepo kihalali kati ya 22.5 na 30 kabla sheria haijabadilika huwekewa X ya kijani, naye hulipwa eneo likihitajika: mthamini anafika, mmiliki anasaini fomu na kupigwa picha mbele ya mali yake, jedwali la fidia linakwenda kwa Mthamini Mkuu, na malipo yakipita miezi 6 tangu aliidhinishe, riba inaongezwa. Kufuta X kwa rangi ya ukutani hakubadilishi chochote. Wapo wanaofanya hivyo.

Anayetaka kujua mpaka wake aanzie kwenye ramani ya upimaji wa kiwanja yenye namba za bikoni, yaani alama za mpaka kwenye pembe za kiwanja, kisha aombe mpima aje na vifaa. Aliyeuziwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa peke yake hana ramani hiyo, na hapo ndipo mazungumzo huwa magumu.

Kwa mzee tulikwenda na mkanda wa kupimia. Ukuta wa mbele uko mita 26. Kijani. Nilimwomba ile ramani tuipige skani, maana toleo lile hatuna. Alikubali, ila kuiacha ofisini hata usiku mmoja alikataa. Alisimama pembeni ya mashine mpaka ikamaliza.