Jiwe linalolia: kwa nini kigunduzi cha metali hudanganyika

Jiwe linalolia ni jiwe ambalo hukifanya kigunduzi cha metali kipige mlio kana kwamba kimepita juu ya sarafu au kipande cha dhahabu, ilhali mara nyingi ndani yake hamna metali halisi hata chembe. Kwa kawaida kinachokiliza kifaa ni madini yenye chuma, hasa magnetiti na maghemaiti, ambayo huuvuruga uga wa sumaku unaotoka kwenye koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya kichwa cha kifaa.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba mlio huo hautokani na jiwe peke yake. Kabla ya kuanza kazi, mtafutaji hukisawazisha kifaa na ardhi aliyosimama juu yake ili kisiyapigie kelele madini yaliyotapakaa udongoni, na baada ya hapo jiwe lenye madini hayo kwa wingi kuliko udongo wenyewe ndilo litakalosikika. Jiwe lilo hilo, likiwekwa kwenye udongo uliosheheni chuma na kifaa kikasawazishwa upya, huenda likanyamaza kabisa.

Ukishaliokota, ninginiza sumaku ndogo kwa uzi karibu nalo. Sumaku ikivutika, shuku magnetiti. Kisha lisugue kwenye mgongo mkavu wa kigae, upande usiong'aa: magnetiti huacha mstari mweusi, hematiti, madini mengine ya chuma, huacha mwekundu wa kahawia, na dhahabu huacha wa manjano. Uzito pekee usikutie tamaa. Jiwe la gramu 520 ambalo likizamishwa majini kwa uzi mizani husoma gramu 420 lina msongamano wa 5.2 (520 ukigawanya kwa gramu 100 zilizopungua majini), yaani wa magnetiti, wakati kwazi (quartz) tupu ni 2.65 na dhahabu safi ni 19.3.

Hata hivyo, si kila jiwe linalolia ni la kutupwa, kwa maana vimondo vingi vina chembe za chuma na nikeli. Mwaka 2015, karibu na Maryborough nchini Australia, mtafutaji dhahabu alipata kwa kigunduzi jiwe la kilo 17, akahangaika kulipasua akidhani lina dhahabu, na baadaye wataalamu wa makumbusho wakabaini kuwa ni kimondo chenye umri wa takriban miaka bilioni 4.6. Kwa hiyo jiwe zito linalovuta sumaku, lisilo na vitundu vya hewa na lenye ganda jembamba jeusi, lifikishwe kwa mwanajiolojia kabla halijaguswa na nyundo.