Kiti cha Jafar Panahi

Februari 2011, jopo la majaji la Tamasha la Filamu la Berlin lilianza kazi kiti kimoja kikiwa kitupu. Kilikuwa cha Jafar Panahi, mwongozaji wa Iran. Desemba 2010 mahakama ya nchini kwao ilikuwa imemhukumu kifungo cha miaka 6 na kumpiga marufuku kutengeneza filamu kwa miaka 20. Jina lake halikuondolewa joponi. Usiku wa ufunguzi rais wa jopo, Isabella Rossellini, alisoma barua ya Panahi jukwaani.

Mimi ni mhariri wa filamu, na niliwahi kuwa jaji katika tamasha dogo la filamu fupi. Tangu siku hizo nimeelewa uzito wa kiti kile. Pale mezani waigizaji walianza kuzungumzia nyuso. Mwongozaji tuliyekuwa naye aliuliza kamera imewekwa wapi, na kwa nini shoti imekatwa pale wakati mhusika bado hajageuka. Swali lake moja lilitufanya turudi kuitazama upya filamu tuliyokwisha kuitupa. Ndiyo maana kila mwaka naisoma orodha ya majaji kabla hata ya orodha ya filamu.

Berlin 2024 ilinifurahisha sana. Rais wa jopo alikuwa Lupita Nyong'o, Mkenya wetu, na mmoja wa majaji wake mwongozaji Ann Hui wa Hong Kong. Mama huyu kwa miongo kadhaa amesimulia maisha ya watu wasiotazamwa: Wavietnamu waliokimbia nchi yao, mwanamke anayemuuguza baba mkwe aliyepoteza kumbukumbu. Filamu kuhusu mwanamke huyo ilimpa Josephine Siao tuzo ya mwigizaji bora wa kike hapohapo Berlin, 1995. Jopo lao likampa mwongozaji Mati Diop Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin, kwa *Dahomey*, filamu ya hali halisi kuhusu hazina 26 zilizorudishwa Benin kutoka Ufaransa. Sanamu moja imepewa sauti, inazungumza Kifon, lugha ya Benin, gizani. Jopo lisilo na subira lisingeisikia sauti hiyo.

Turudi kwa Panahi. Mei 2010 alialikwa kuwa jaji katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lakini alikuwa gerezani, na huko nako kiti chake kikaachwa wazi. Juliette Binoche aliposhinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo, alipanda jukwaani ameshika kibao chenye jina la Panahi.

Miaka 15 baadaye, Binoche ndiye aliyekuwa rais wa jopo la Cannes. Alikuwa na Hong Sang-soo wa Korea Kusini, ambaye siku hizi huandika, hupiga na huhariri filamu zake mwenyewe, na Payal Kapadia, ambaye mwaka uliotangulia aliirudisha India kwenye shindano kuu baada ya miaka 30. Alikuwamo pia mwongozaji Dieudo Hamadi wa Kisangani, Kongo. Katika shindano kulikuwa na filamu ambayo Panahi aliipiga kwa siri Iran, bila kibali: fundi wa magari anasikia mlio wa mguu wa bandia na kuamini kuwa amempata mtu aliyemtesa gerezani. Jopo likaipa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes.

Panahi alikuwepo ukumbini. Akainuka kitini, akaenda kuipokea mwenyewe.