Je, wajua kwa nini kila anayeunda kifaa huitwa "mvumbuzi"?

Jirani yangu hapa Dodoma alifunga mtambo wa kumwagilia zabibu shambani kwao Mpunguzi. Vijiti viwili huchomekwa ardhini. Udongo ukikauka, pampu inawaka yenyewe. Mwandishi alikuja, akamhoji. Jioni redio ikatangaza: kijana avumbua mtambo wa kwanza duniani. Kesho yake fundi mmoja, anayejua mitambo hiyo ipo siku nyingi, alimwita mwongo mbele za watu kijiweni. Iliniuma, maana nilikuwepo kwenye mahojiano. Kijana alisema, "Nimeunganisha."

"Nimeunganisha" iligeukaje "amevumbua"? Anayeandika kichwa cha habari mara nyingi siye aliyekwenda shambani. Anaye mtu mmoja, nafasi ya maneno machache, na anatafuta kitenzi kizito. Kiswahili kinatofautisha vizuri: kugundua ni kukuta kilichokuwepo, kubuni ni kutoa wazo jipya, kuna kuboresha, kuna kufunga. Habari zetu huvitia vyote kapu moja. Kisha chombo kingine kinanakili bila kumpigia simu mhusika, na kosa linapata mashahidi.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwingereza Tim Berners-Lee mara nyingi huitwa baba wa intaneti. Alichobuni mwaka 1989, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, ni wavuti, yaani kurasa tunazofungua na viungo vyake. Intaneti yenyewe ilikuwepo: Vint Cerf na Bob Kahn ndio waliosanifu TCP/IP, yaani taratibu ambazo kompyuta hufuata ili kuwasiliana; ARPANET, mtandao wa awali wa kompyuta kule Marekani, ulianza kuzitumia rasmi tarehe 1 Januari 1983.

Na ile kadi ndogo ya kielektroniki inayoendesha mtambo wa jirani yangu? Ni Arduino, iliyoanza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia. Anayetajwa sana ni Massimo Banzi. Lakini ilijengwa juu ya Wiring, mfumo wa kadi na programu uliokuwa kazi ya shahada ya uzamili ya Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, na jina lake huachwa mara nyingi mno.

Mwandishi angeuliza swali moja tu: kipi umefanya wewe, kipi umekikuta? Jirani yangu sasa amelijibu kwa kalamu ya wino juu ya boksi la mtambo: "Kadi: Arduino. Pampu: ya dukani. Programu na kufunga: mimi."